Kona Mbili Kuelekea Ziwani

Anwani ya nyumba niliyotafutiwa Managua iliandikwa nyuma ya risiti: "De la estatua de Montoya, dos cuadras al lago, media abajo, mano izquierda, portón verde." Jina la barabara halikuwapo, wala namba ya nyumba. Kutoka sanamu ya Montoya, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona chini, mkono wa kushoto, geti la kijani. Nilimwuliza aliyeniandikia kama hakuna anwani iliyo kamili zaidi. Akanijibu kwa upole kwamba hiyo ndiyo kamili, na kwamba bili ya umeme huja kwa anwani hiyo hiyo na haijapata kupotea.

Kilichonipeleka Nicaragua ni kahawa, na kahawa iko milimani, Matagalpa na Jinotega. Managua ilikuwa mahali pa kusubiri vibali, na vibali vilichelewa kama vinavyochelewa kwetu. Kihispania changu kilitoka kwenye kitabu na kwenye programu ya simu. Nilijua kuagiza chakula, nilijua kutaja ndugu zangu wote, na nilikuwa nimeikariri ile sura ambayo kila kitabu cha lugha huwa nayo, ya kuulizia njia. Pana ramani ya mji wa kubuni, benki hapa, posta pale, kanisa katikati. ¿Dónde está el banco? A la derecha. Todo recto. Gracias. Sura nzuri, na bila shaka ina manufaa kwa anayekwenda Madrid. Managua haikunitungia mtihani kutoka humo.

Wenyeji wana pande zao nne. Kaskazini huitwa al lago, kuelekea ziwani, kwa sababu Ziwa Xolotlán limelala upande wote huo wa mji. Mashariki ni arriba, juu, kwa kuwa ndiko jua linakopanda, na magharibi ni abajo, chini, linakotua. Kusini ni al sur, au, kwa vinywa vya wazee, a la montaña, kuelekea mlimani. Umbali huhesabiwa kwa cuadra, yaani kutoka kona moja hadi nyingine, kiasi cha mita mia moja au pungufu. Pakiwa karibu mno kuhesabiwa kwa kona, wanatumia vara, kipimo cha Wahispania wa zamani cha takriban sentimita 84. Diez varas al sur: hatua kumi kubwa kusini, umefika mlangoni.

Linaloweza kumpoteza mgeni ni hili. Ardhi ya Managua inateremka kuelekea ziwani. Ukitembea al lago, magoti yanakwambia unashuka, na maji ya mvua yanakwambia hivyo hivyo, kwa maana mifereji mikubwa ya zege wanayoiita cauces yote inateremkia huko. Lakini ukiambiwa ushuke, abajo, hutakiwi kufuata maji. Unatakiwa kufuata jua la jioni. Miguu inasema chini ni kaskazini, ulimi unasema chini ni magharibi, na mwenyeji haoni hapo hitilafu yoyote.

Nilipata mwalimu, mama wa makamo aliyestaafu shule ya msingi, ambaye alifundishia barazani kwake akiwa kwenye kiti cha kubembea cha mbao. Mtaa mzima ulimwita "profe", nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alinitoa hadi nje ya geti, akanisimamisha katikati ya njia, akaniuliza: "¿Dónde está el lago?" Kutoka pale ziwa halionekani. Unaona mapaa ya mabati, nyaya za umeme na mwembe mmoja. Nikanyoosha kidole kule nilikodhani. Akanishika mabega, akanigeuza kidogo tu, kisha akasema weka ziwa mbele yako. Mkono wa kulia ni arriba, wa kushoto ni abajo, mgongo ni mlima. Haya, nipeleke pulpería.

Pulpería ni duka la mtaani, tuseme kwa Mangi: chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, nondo dirishani, mayai ya kuuzwa moja moja, sabuni, mafuta ya kupikia yaliyopimwa kwenye mifuko midogo. Sharti lake lilikuwa nisipige hatua kabla ya kusema ninakwenda wapi. Una cuadra arriba. Tunatembea. Media cuadra al lago. Tunatembea. Nikisema a la derecha alisimama na kuniuliza, mkono wa kulia wa nani? Wa kwangu au wa kwako? Tukirudi, je, utakuwa bado wa kulia? Ziwa, alisema, halibadiliki ukigeuka.

Kulia na kushoto wanavitumia, ila mwishoni kabisa, mnapokuwa mmeshaingia mtaa wenyewe na kilichobaki ni kujua nyumba iko upande upi: a mano izquierda, a mano derecha. Kwenye kadi za biashara utaona M.I. au M.D., na kila mtu anaelewa. Utaratibu mzima una mpangilio ambao haupinduliwi. Kwanza alama inayojulikana, kisha ziwani au kusini, kisha juu au chini, kisha mkono, kisha rangi ya geti. Ukianza na rangi ya geti wanakutazama kwa huruma. Hata dereva wa teksi, ukimtajia unakokwenda, swali lake la kwanza ni "¿De dónde?", kutoka wapi, na hakuulizii kwenu. Anataka alama.

Sasa kuhusu alama zenyewe. Sanamu ya Montoya ipo. Ni ya askari kijana aliyekufa vitani mwanzoni mwa karne ya 20, na unaweza kuigusa. Nyingi nyingine huwezi. Maneno niliyoyasikia mara kwa mara mjini yalikuwa donde fue, palipokuwa. Donde fue la Pepsi, palipokuwa na Pepsi. Donde fue el Cine Dorado, palipokuwa na sinema ya Dorado. Ipo na alama maarufu iitwayo el arbolito, kijiti, yaani mti mdogo ambao wazee waliuona kwa macho na watoto wao wameurithi kwa jina. Unaambiwa kutoka kwenye mti, kona mbili abajo. Mti wenyewe ulishatoweka.

Sababu yake kubwa ina tarehe. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 23 Desemba 1972, kama saa sita na nusu, tetemeko liliivunja Managua ya katikati. Maelfu ya watu walikufa, katika siku ambazo nyumba zilikuwa zimeshapambwa kwa Krismasi. Wanaofuatilia besiboli wanaikumbuka kwa jambo jingine: Roberto Clemente, mchezaji wa Puerto Rico, alikufa tarehe 31 Desemba mwaka huo ndege iliyopakia misaada aliyokuwa akiipeleka Nicaragua ilipoanguka baharini. Misaada mingine iliyofika iliishia mikononi mwa utawala wa Somoza, na hasira iliyotokana na hilo ni moja ya mambo yaliyouandaa mwaka 1979, utawala huo ulipopinduliwa. Katikati ya mji hapakujengwa upya kama palivyokuwa. Mji ulitawanyika kando kando, ukaacha viwanja vya majani mahali palipokuwa na maduka, na kanisa kuu la zamani limebaki limesimama, limefungwa, kuta zikiwa na nyufa. Kanisa kuu jipya, kazi ya msanifu wa Mexico Ricardo Legorreta, lilifunguliwa mwaka 1993 mbali na pale, na paa lake lina vikuba vingi vidogo vilivyopangwa kwa safu.

Nyumba zikaanguka, anwani zikabaki. Barua ziliendelea kwenda kwa watu wanaokaa kona tatu kutoka kwenye jengo ambalo halipo. Aliyezaliwa baada ya 1972 alilazimika kujifunza mji wa mama yake ili aweze kufika kwake mwenyewe.

Lililosimama lilipata kazi ya ziada. Ile hoteli ya Intercontinental yenye umbo la piramidi, iliyoko chini ya kilima cha Tiscapa, haikuanguka. Usiku ule bilionea Mmarekani Howard Hughes alikuwa amejifungia humo, na hakukawia kuondoka nchini. Hoteli ilikuja kubadilishwa jina, na jina la zamani likaendelea kuelekeza watu kana kwamba bango halijaguswa. Juu ya kilima chenyewe imesimama taswira nyeusi ya Sandino mwenye kofia, iliyobuniwa na padri mshairi Ernesto Cardenal. Mgeni akipotea katikati ya mji atazame juu: Sandino yuko kusini ya mji wa zamani, kwa hiyo ziwa liko upande wa pili.

Mtu wa Dar es Salaam hana haki ya kushangaa mambo haya. Ukishuka Mwembechai huulizii mwembe. Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy, kwa ajili ya Remmy Ongala, ambaye alifariki mwaka 2010, na konda anaendelea kumwita kila siku, wakiwemo makonda waliokuwa watoto wadogo alipozikwa. Profe alifurahi sana nilipomweleza habari hizi. Alitaka kujua kama kituo kimewekwa sanamu. Nikamwambia pana jina tu. "Basi inatosha," akasema, "mradi watu wanashuka."

Kilichonisumbua ni jua. Mwili wangu umezoea kuwa kusini ya ikweta, ambako kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, na bahari iko mashariki, linakochomoza. Managua iko nyuzi 12 kaskazini ya ikweta. Mara nyingi jua la mchana linaegemea kusini, maji yako kaskazini, na kichwa kinachopenda kuweka maji mashariki kinakataa kutii. Kwenye mawingu ya Oktoba, jua likipotea kabisa, hata wenyeji hutulia kidogo kabla ya kusema arriba.

Kihispania chenyewe cha kuulizia njia ni kifupi, na baada ya kuzipata pande nne yaliyobaki yalikuja haraka. ¿Dónde queda...? ndivyo wanavyouliza, mara nyingi zaidi kuliko ¿dónde está? ya kitabuni. Frente a, mkabala na. Contiguo a, kupakana na, neno ambalo vitabu vingi vinaliona la kiofisi lakini Managua linasemwa na muuza tortilla. A la vuelta, ukikata kona tu. En la esquina opuesta, kwenye kona ya pili mkabala. Na ninalolipenda kuliko yote: siga recto hasta topar, nenda moja kwa moja mpaka ugonge, yaani mpaka njia ikukatikie kwenye ukuta au kwenye cauce. Hasta hiyo, Waarabu waliwaachia Wahispania kama walivyotuachia sisi "hata" ya waandishi wa zamani, ile yenye maana ya "mpaka". Nilipoligundua hilo sikulisahau tena.

Irabu hazimpi Mswahili shida. A ni a, u ni u. Shida ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na Wanicaragua wanaposemezana kwa kuzoeana wanatumia vos, ambayo amri zake hukaza mwisho: seguí, doblá, cruzá. Mgeni au mkubwa anaambiwa kwa heshima, siga, doble, cruce, na hizo zinatukaa vizuri mdomoni. Kwa hiyo nilizungumza na watoto kama ninavyozungumza na watu wazima, kwa heshima tele, na watoto waliona raha. Jambo jingine la kuangalia ni herufi moja tu ya mwisho: derecho ni moja kwa moja, derecha ni kulia. Managua wengi hukwepa utata huo kwa kusema recto, na mimi nikafanya kama wao.

Tena kuna maelekezo yasiyo na maneno kabisa. Nilimwuliza mama wa pulpería lilipo duka la dawa. Mikono yake yote miwili ilikuwa inafunga mchele kwenye mfuko. Hakuiachia. Aliinua kidevu, akachomoza midomo kama anayetaka kubusu, akaielekeza upande wa kona, sekunde moja, kisha akairudisha na kuendelea kufunga fundo. "Ahí nomás," akaongeza. Hapo tu. Watu wote pale huonyesha kwa midomo: konda wa basi, mlinzi wa benki, mtoto mwenye daftari. Ukiangalia mikono ya mtu ukisubiri kidole, umekosa jibu, na kuuliza tena ni kumwona kama hakujibu. Nilijifunza kutazama uso. Ama hilo ahí nomás, lina urefu ule ule wa "hapo tu" ya mwenyeji wa kijijini kwetu, na aliyewahi kutembezwa na "hapo tu" ataelewa kwa nini nilizoea kuuliza papo hapo: ¿cuántas cuadras?

Kuna neno jingine la kuliogopa. Jibu likianza na fíjese que, yaani "hebu angalia", jua habari si njema. Fíjese que ese lugar ya no está. Fíjese que hoy no abren. Mahali hapo hapapo tena, leo hawafungui. Hakuna anayekukatalia kwa mkato. Wanakuandalia kwanza kiti cha kukalia, ndipo wanakupa pigo.

Rangi yangu nayo iliingia kwenye mazungumzo ya njia. Wengi walinichukulia kuwa mtu wa pwani ya Karibea, wa Bluefields, ambako Weusi wa Nicaragua huzungumza Krioli yao iliyotokana na Kiingereza, na kwa hiyo lafudhi yangu haikuwashangaza. Costeño, walisema. "Moreno, ¿para dónde va?" muuza maembe aliniita kwa sauti. Nikisema natoka Tanzania, wengine walitikisa kichwa kwa adabu, kisha wakanipa maelekezo ya basi la kwenda Bluefields.

Wageni wa Ulaya niliokutana nao walizicheka sana anwani hizi, na mimi sikucheka nao. Kwa aliyekulia hapo ni maelekezo yenye akili: yanakupa pande za dunia, umbali, na mahali pa kuanzia, wakati jina la barabara peke yake halikupi hata moja kati ya hayo. Lakini siyapambi. Yanamtumikia aliyekuwepo. Kijana aliyetoka kijijini jana anapelekwa kwenye sinema ambayo hakuiona, na anayeita gari la wagonjwa usiku analazimika kuomba Mungu dereva awe wa umri fulani. Siku hizi watu hutumiana mahali kwa simu, alama nyekundu juu ya ramani, na chini yake bado huandika portón verde. Jirani zao wa Costa Rica, ambao nao huelekezana kwa mita mia kaskazini ya mti wa mtini uliokwisha kukatwa, mji mkuu wao San José ulianza kubandika majina ya barabara mwaka 2012.

Nalo neno palipokuwa halijaisha kuzaa. Daladala ndogo za kwenda Granada na Masaya nilizipandia mkabala na chuo kikuu cha Wajesuiti, UCA, na kila mtu alikiita kituo kwa herufi hizo tatu. Agosti 2023 serikali ilikitwaa chuo hicho na kukipa jina jingine. Sijarudi tangu hapo. Ila ningewekeana dau na yeyote kwamba konda haiti jina jipya.

Granada yenyewe iko kiasi cha kilomita 45 kutoka Managua, na huko barabara zina majina: La Calzada, Atravesada, El Caimito. Nilishuka karibu na bustani ya katikati ya mji nikiwa na jina la nyumba ya wageni, nikamwendea mama aliyekuwa akiuza vigorón kwenye kibanda, mihogo ya kuchemsha, ngozi ya nguruwe na kabichi ya siki juu ya jani la mgomba. Sikutaja jina la barabara. Nikamsalimu, nikataja nyumba, nikasubiri.

"Tres cuadras al lago," akaanza.

Mji huu uko kando ya ziwa jingine, Cocibolca, lililo kubwa kuliko lile la Managua mara nyingi. Na liko mashariki. Al lago ya Granada ndiyo arriba ya Managua, na yale mabega aliyonigeuzia profe hayakuwa na kazi tena hapa. Nikamwuliza kwanza: ¿El lago para dónde queda? Alikuwa ameshika kijiko mkono mmoja na jani mkono wa pili. Midomo ikaelekea upande wa kanisa kubwa la manjano na barabara iliyo ubavuni mwake.

"Usted viene de Managua," akasema, wala hakuuliza. Watu wa Managua, alieleza, wote hufika hapa na ziwa lao mfukoni. Akaanza upya, polepole: hadi kanisani, kona tatu al lago, mkono wa kulia, mlango wa buluu, na kama wamefunga nigonge kwa nguvu kwa sababu mwenye nyumba hasikii vizuri. Kisha akataka kujua kama ninakula kwanza au ninakwenda kwanza. Nikavuta benchi, nikamwomba aniwekee bila ngozi ya nguruwe. Fíjese que, akaanza kusema, na nikajua alikuwa ameshaiweka.